Mgeni wa Siku ya Tatu

Jumamosi moja ya mvua nilimpeleka binti yangu wa miaka tisa katika jumba la makumbusho la M Shed, lililo ukingoni mwa bandari ya zamani ya Bristol, Uingereza, kumwonyesha sanamu iliyolazwa chali. Ni sanamu ya shaba ya mwanamume aliyevaa koti refu na nywele za bandia, na mwilini mwake ingali rangi waliyoipuliza waandamanaji. Binti yangu aliizunguka polepole, akainama kumtazama usoni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesimama kando ya kitanda cha mgonjwa: “Baba, mbona hawamwamshi?”

Nilimjibu kwa kifupi, kwa kuwa nyuma yetu walikuwapo watu wakisubiri zamu yao, lakini jibu lile halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Hapa ninajaribu kumjibu kwa kirefu, na papo hapo kuliweka sawa jambo ambalo sisi Waswahili tunaoishi mji huu tumelibishania mara nyingi tukikaa pamoja: je, sanamu, vibao vya kumbukumbu, michoro ya ukutani na majina ya majengo humsaidia kweli mtu mweusi ajione mwenyeji, au ni mapambo ya kututuliza tu? Nilipofika Bristol miaka kumi na miwili iliyopita nilikuwa upande wa wale wanaosema ni mapambo. Siku hizi sisemi hivyo, ingawa sijahamia upande wa pili moja kwa moja.

Aliyelala pale ni Edward Colston, mfanyabiashara mzaliwa wa Bristol ambaye alikuwa mmoja wa wakuu wa Royal African Company, kampuni ya Kiingereza iliyohodhi biashara ya pwani ya Afrika Magharibi. Katika miaka aliyohusika nayo, kati ya 1680 na 1692, inakadiriwa kwamba kampuni hiyo ilisafirisha Waafrika wapatao 84,000 kwenda utumwani, na 19,000 kati yao hawakufika ng’ambo wakiwa hai. Colston alifariki mwaka 1721 akiwa ametoa mali nyingi kwa shule na makazi ya maskini, na mwaka 1895, zaidi ya miaka 170 baadaye, wakubwa wa mji walimsimamishia sanamu katikati ya jiji, wakaandika chini yake kwamba alikuwa miongoni mwa wana wa mji wenye wema na hekima kupita wote. Wale 84,000 hawakuandikiwa hata neno moja.

Watu wengi walio nje ya Bristol huifahamu habari hii kuanzia tarehe 7 Juni 2020, siku ambayo waandamanaji waliifunga sanamu kamba shingoni, wakaiangusha, wakaiviringisha hadi gatini na kuitumbukiza majini. Mimi siku hiyo sikuwapo. Nilikuwa nyumbani kwa hofu ya korona, nikitazama kwenye simu kama watu wengine duniani. Kilichonifundisha zaidi, hata hivyo, ni yaliyotangulia siku ile, yaani miaka mingi ya barua, mikutano, maombi yenye sahihi za watu, na wanaharakati ambao hakuna kamera iliyowahi kuwafuata.

Chukua kisa cha kibao cha pili. Mwaka 2018 ilikubaliwa kwamba, badala ya kuiondoa sanamu, kiongezwe kibao cha kueleza ukweli kuhusu Colston. Lilionekana jambo dogo, na liligeuka kuwa ugomvi wa mwaka mzima juu ya maneno machache. Huyu anasema idadi ya waliokufa isomeke waziwazi, yule anasema iwekwe pembeni. Huyu anataka watoto watajwe, yule anauliza kwa nini misaada yake kwa maskini isitangulie. Rasimu ilipanda na kushuka mikononi mwa wanahistoria, madiwani na wafanyabiashara wakongwe wa mji, kila mara ikirudi imepunguzwa makali, hata kibao kilipokuwa tayari, Machi 2019, meya Marvin Rees alikikataa kwa kuwa maneno yake yalikuwa laini mno. Hakikupachikwa kamwe, na Colston akaendelea kusimama vilevile.

Marvin Rees, ambaye baba yake ni Mjamaika, alichaguliwa mwaka 2016, akawa mtu wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika kupigiwa kura moja kwa moja na wananchi kuwa meya wa jiji kubwa la Ulaya. Nakumbuka furaha ya jioni ile. Tulipigiana simu kana kwamba ni ndugu yetu aliyepata. Lakini kwa miaka minne, meya mweusi alifanya kazi katika mji ambao mfanyabiashara wa watumwa alisimama katikati yake akitazama watu wakienda makazini. Silisemi hili kumlaumu, kwa maana alikuwa na njaa ya watoto na uhaba wa nyumba za kushughulikia, na kila neno lake juu ya sanamu lilipimwa kwa mizani ambayo meya mzungu asingepimwa nayo. Ninachosema ni kwamba kumweka mmoja wetu juu, hata awe hodari vipi, hakutoshi kulisogeza jiwe ambalo watu wa chini hawajalitia mabega.

Hapo ndipo ninaporudi nyuma hadi mwaka 1963, kwa sababu kisa cha mwaka huo ndicho kilichonigeuza mawazo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii huwa tunaitumia kumchokoza mgeni asiyetaka kuaga, lakini ina upande mwingine ambao nimeuelewa vizuri nikiwa ughaibuni. Mgeni hutandikiwa, hulishwa, huulizwa habari za safari, na haruhusiwi kugusa kitu. Mwenyeji ndiye ashikaye mpini. Kwa hiyo kupewa jembe si adhabu. Ni kuambiwa kwamba shamba hili sasa ni lako pia, na kwamba mavuno yakiharibika utaulizwa na wewe. Mtu anaweza kunyimwa uenyeji kwa kufukuzwa, na anaweza vilevile kunyimwa kwa kuachwa akae ugeni maisha yake yote.

Bristol ya mwaka 1963 ilikuwa na wakazi wapatao 3,000 kutoka visiwa vya Karibi, wengi wao katika mtaa wa St Pauls. Kampuni ya mabasi, Bristol Omnibus Company, ambayo ilikuwa mali ya serikali, iliwapa kazi weusi katika karakana na kantini kwa ujira mdogo, lakini udereva na ukondakta hapana. Tawi la chama cha wafanyakazi nalo lilikuwa limepitisha azimio mwaka 1955 la kutowataka katika wahudumu wa mabasi. Maana yake ni kwamba Mjamaika aliruhusiwa kupanda basi, kulipa nauli na kuketi, lakini asilishike usukani wala asimkatie mzungu tiketi. Alikuwa mgeni wa kudumu, anayelipia ugeni wake kila asubuhi.

Wanaume wanne, Roy Hackett, Owen Henry, Audley Evans na Prince Brown, waliunda baraza la kutetea watu wao, wakashirikiana na Paul Stephenson, kijana mwenye baba wa Afrika Magharibi, mzaliwa wa Uingereza, aliyekuwa ofisa wa vijana mjini. Kwanza walihitaji ushahidi, kwa maana kila mtu aliujua ubaguzi ule na hakuna aliyekuwa tayari kuukiri. Stephenson alipiga simu kwenye kampuni, akaomba nafasi ya usaili kwa kijana mwenye sifa zote, naye akakubaliwa. Kijana huyo, Guy Bailey, alikuwa na umri wa miaka 18, mwanafunzi wa masomo ya jioni, mtanashati na mwenye adabu. Kampuni ilipogundua kwamba ni mtu wa Karibi, usaili ukafutwa. Ushahidi ukawa umepatikana.

Tarehe 29 Aprili 1963 wakatangaza kuyasusia mabasi. Watu wa St Pauls walikwenda kazini kwa miguu na kwa baiskeli, wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana hadi kituo cha mabasi, na Hackett na wenzake wakasimama barabarani kuyazuia magari. Mwanasiasa Tony Benn aliwaunga mkono, na Learie Constantine, mchezaji mashuhuri wa kriketi aliyekuwa balozi wa Trinidad na Tobago mjini London, alisema hadharani yale ambayo wanadiplomasia kwa kawaida husemea pembeni. Mvutano ulikwenda miezi minne. Tarehe 28 Agosti, siku ileile ambayo Martin Luther King alihutubia Washington, kampuni ilitangaza kwamba haitabagua tena kwa rangi. Katikati ya Septemba Raghbir Singh, mtu wa dini ya Sikh, akawa kondakta wa kwanza asiye mzungu, na siku chache baadaye wakafuata Wajamaika wawili na Wapakistani wawili. Sheria za kwanza za Uingereza dhidi ya ubaguzi wa rangi zilikuja mwaka 1965 na 1968, na mgomo huu huhesabiwa kuwa miongoni mwa mambo yaliyozisukuma.

Wale watu hawakudai sanamu wala siku ya maadhimisho. Walidai kofia ya kondakta na mkoba wa tiketi. Kibao cha kuwakumbuka, kile kilichomo ndani ya kituo cha mabasi cha Bristol, kilikuja miaka kama 50 baadaye, wakati madereva weusi walikuwa wamekwisha kustaafu na watoto wao kushika njia zilezile. Ndiyo maana nikikipita kile kibao hakinikeri. Kinasimulia jambo ambalo tayari ni kweli, ambalo naliona kwa macho yangu kila ninapopanda basi na kumkuta Msomali au Mjamaika kwenye usukani akinipungia mkono.

Vibao vinavyonikeri ni vile vinavyotangulia shamba. Kila Oktoba, mwezi ambao tangu 1987 Uingereza huadhimisha historia ya watu weusi, simu zetu hulia sana. Miaka kadhaa nyuma taasisi moja, ambayo sitaitaja, ilinialika nizungumze kwenye hafla yake, ikatundika picha zetu mlangoni, ikatuandalia chakula cha kutosha. Nilipouliza kwa upole ni wangapi kati yetu wamo katika kamati inayogawa fedha za miradi ya mtaa wetu, aliyenialika alicheka kidogo, akasema hilo ni suala zuri, akanikaribisha keki. Keki ilikuwa nzuri. Novemba picha zikateremshwa.

Lakini nisije nikaonekana nadharau alama. Wapo watu wa Bristol ambao alama ndiyo iliyowarudishia ubinadamu, na hapa siwezi kupita haraka. Kwenye kona ya Ashley Road na Grosvenor Road, St Pauls, ipo sanamu ya shaba ya kichwa na mabega ya Alfred Fagon, mwandishi wa tamthilia na mwigizaji mzaliwa wa Jamaika aliyeishi hapa. Agosti 1986 alianguka na kufa karibu na nyumba yake huko London. Polisi walisema wameshindwa kumtambua, na ikawa akachomwa maiti bila jina, bila jamaa wala rafiki mmoja wa kumsindikiza, mtu ambaye sura yake ilikuwa imeonekana kwenye televisheni. Rafiki zake walipopata habari walikuwa wamechelewa. Mwaka mmoja baadaye, 1987, walisimamisha sanamu ile na jina lake chini yake. Sikumbuki ni mara ngapi nilipita pale nikiwa na mifuko ya sokoni kabla sijasimama kusoma. Tangu nilipojua kisa chake siwezi kuiita pambo. Mtu aliyechomwa bila jina ameandikiwa jina barabarani, na walioliandika ni watu wake, si halmashauri iliyowaonea huruma.

Siku nne baada ya Colston kuanguka, mtu au watu fulani waliimwagia sanamu ya Fagon dawa ya kuondoa rangi. Juma lililofuata, huko Henbury pembeni mwa jiji, mawe ya kaburi la Scipio Africanus, kijana Mwafrika mtumishi aliyefariki mwaka 1720 akiwa na miaka 18, yalivunjwa. Kwa mabaya yao, wale watu waliielewa nguvu ya alama kuliko wale wanaotuambia tuachane na mambo ya masanamu. Walijua ni wapi pa kupiga ili tuumie. Kaburi lilitengenezwa, na Fagon akasafishwa. Asubuhi niliyopita mimi palikuwa na maua miguuni pa nguzo yake, yamefungwa kwa uzi wa kawaida wa kushonea.

Alama nyingine zipo na hazisemi kitu kwa sababu hakuna anayezisimulia. Colston alitumbukizwa majini jirani na Pero’s Bridge, daraja la waenda kwa miguu lenye pembe mbili kubwa za chuma, lililofunguliwa mwaka 1999. Limeitwa kwa jina la Pero, ambaye John Pinney, mwenye mashamba ya miwa katika kisiwa cha Nevis, alimnunua akiwa na miaka 12 pamoja na dada zake wawili, Nancy na Sheba, kisha akamleta Bristol kuwa mtumishi wake wa ndani. Alimtumikia zaidi ya miaka 30, akafa mwaka 1798 bila kuachwa huru. Leo wapenzi hufunga kufuli zenye majina yao kwenye vizuizi vya daraja hilo, mamia kwa mamia. Sioni kosa katika mapenzi yao, ila kila nikipita husikia neno kufuli kwa namna yangu.

Ipo pia mifano ya haraka iliyokosa mizizi. Mwezi mmoja baada ya kuanguka kwa Colston, alfajiri ya tarehe 15 Julai 2020, mchongaji mashuhuri kutoka London, Marc Quinn, alipandisha kwenye msingi ule mtupu sanamu ya Jen Reid, mwandamanaji mweusi wa Bristol aliyekuwa amesimama pale akiinua ngumi. Ilikuwa sanamu nzuri, na wengi tulikwenda kuipiga picha. Kesho yake halmashauri ikaiondoa kwa kuwa haikuombewa kibali, na katika mazungumzo yetu swali halikuwa uzuri wake, bali ni nani aliyeulizwa. Msanii mzungu kutoka jiji jingine aliamua peke yake kilichostahili kukaa mahali tulipokuwa tumeanza kupajadili wenyewe.

Na sasa swali la binti yangu. Hawamwamshi kwa sababu, baada ya vurugu zote, mji uliulizwa. Tume ya historia iliyoundwa na meya ilikusanya maoni ya watu karibu 14,000, na wakazi wanne kati ya watano walitaka sanamu iwekwe makumbusho. Ilionyeshwa hivyo ilivyo, imelala, na rangi zake na majeraha yake, pamoja na mabango ya maandamano ambayo watunzaji wa makumbusho waliyaokota barabarani kabla mvua haijayaharibu. Ukumbi mkubwa wa muziki uliokuwa na jina la Colston unaitwa Bristol Beacon tangu Septemba 2020. Watu weusi ni takriban asilimia 6 tu ya wakazi wa jiji, na uamuzi ule usingepatikana kwa kura zao peke yao. Majirani zetu wazungu kwa maelfu walisema pamoja nasi kwamba yule mtu apumzike alipo. Nilipozisoma takwimu zile kwa mara ya kwanza nilizirudia mara mbili, kisha nikatoka nje nikaitazama barabara yangu kwa jicho lingine, nikijiuliza ni nani kati ya wale ninaosalimiana nao aliyejibu nini.

Hayo yote nilimweleza binti yangu, kwa maneno ya rika lake, tulipokuwa tukitembea kuelekea St Pauls baada ya mvua kukatika. Huko, kwenye kuta za nyumba za kawaida, msanii Michele Curtis wa Bristol amechora watu saba ambao wenyeji wanawaita watakatifu wa St Pauls: Hackett, Henry na Evans wa mgomo wa mabasi, pamoja na Carmen Beckford, Barbara Dettering, Dolores Campbell na Clifford Drummond. Wengi wao walikuwamo katika kuanzisha sherehe za St Pauls mwaka 1968, zile zinazojulikana sasa kama kanivali. Nyuso zimechorwa kubwa kuliko milango, na Hackett, aliyefariki Agosti 2022 akiwa na miaka 93, aliwahi kuuona mchoro wake akiwa hai, jambo ambalo watakatifu wengi hawakulipata.

Tulisimama mbele ya mchoro wa Hackett tukisubiri basi. Binti yangu, ambaye nyumbani tumemzoesha kutompita mzee kimya, aliuinua uso kuutazama ukuta, akasema, “Shikamoo, babu.” Akangoja kidogo, akanigeukia kulalamika kwamba babu hajaitikia.

“Marahaba,” nikamwitikia mimi kwa niaba yake. Basi letu lilikuwa limeshatokeza kwenye kona, tukakimbia kuliwahi.